Elfu Tatu za Mwani

Pale Heukgol, kwenye mistari ya nyumba za wachimba makaa, hapakuwa na mwanamke aliyejua kubana pesa kama Jeom-rye. Watu walimwita Mama Pil-su, kwa jina la mwanawe wa pekee, na wauza mboga walipomwona anashuka kwenye basi siku ya soko walianza kusonya hata kabla hajafika. Hakuwahi kulipa bei aliyotajiwa. Anachukua figili, anaigeuza, anaitafutia kilema, anairudisha, anaondoka, anarudi, na mwisho wa yote anakwenda zake na figili mbili kwa bei ya moja, na kitunguu cha nyongeza juu.

"Mama Pil-su, na mimi nina watoto!" mwenye meza analalamika.

"Basi mwambie baba yao apunguze kunywa soju," anamjibu, na soko zima linacheka.

Ubahili ule haukutoka hewani, nawaambia. Mumewe alifukiwa shimoni Pil-su akiwa na miaka tisa, na kampuni ikampa yeye kazi wanayopewa wajane wa bonde lile: kusimama kutwa mbele ya mkanda unaopitisha makaa na kuchambua mawe, vumbi likiingia mpaka kwenye meno. Kwa mshahara wa kuchambua mawe alilea mtoto, akamsomesha mpaka akajua kuandika barua, akamwoza. Ukimwona anahesabu njiti za kiberiti usimcheke.

Mwaka ule alikuwa anabana kwa ajili ya mjukuu. Mkwewe, Yeon-ok, alikuwa na mimba ya pili. Ile ya kwanza Jeom-rye hakupenda hata kuikumbuka. Yeon-ok aliugua uchungu siku mbili chumbani, mtoto kakaa kitako, mkunga wa mtaa anasukuma huku analia, na mtoto alipotoka alikuwa ameshakufa. Mvulana, ana nywele tele. Jeom-rye ndiye aliyemfunga kwenye kitambaa. Daktari wa mjini aliyempima Yeon-ok baadaye alisema nyonga zake ni nyembamba, na akishika mimba nyingine asithubutu kuzalia nyumbani, aletwe hospitali apasuliwe. Wasipofanya hivyo watampoteza mama na mtoto pamoja.

Na hospitali haikupokea mtu mikono mitupu. Pil-su alifanya kazi kwenye shimo dogo la mkandarasi, halina bima, na kwa asiye na bima upasuaji ulitaka malipo ya kutanguliza, won laki moja na ishirini elfu, taslimu, kabla daktari hajanawa mikono. Pil-su alikuwa anapata elfu themanini kwa mwezi, mwezi ukiwa mzuri.

"Tutazipata," alisema Jeom-rye, na kuanzia siku hiyo nyumba ikawa jeshi.

Bahasha ya mshahara ilifika mkononi mwake haijafunguliwa. Pil-su aliacha sigara, akaacha basi, akawa anapanda mlima kwa miguu na taa yake ya kofia mkononi. Kila Jeom-rye alipopika, alichota kijiko cha mchele kutoka bakuli lake na kijiko kutoka bakuli la Pil-su, akavitia kwenye mtungi nyuma ya mlango, na mtungi ukijaa aliuuza ule mchele kwa jirani. Bakuli la Yeon-ok hakuligusa hata siku moja.

"Mama, mimi nimeshiba," Yeon-ok anasema, anasukuma bakuli.

"Nani kakuuliza wewe? Mwulize huyo wa ndani."

"Na yeye kashiba."

"Mwongo kama baba yake. Kula!"

Pesa zenyewe hakuziweka benki. Benki ilikuwepo, lakini meneja wake hakuwa mtu wa kwao. Alishona mkanda wa kitambaa, akaufunga kiunoni chini ya sketi, na noti zote zikakaa kibindoni humo. Alilala nazo, alichambua mawe nazo. Pil-su alimtania kwamba mama yake naye ana mimba, na Jeom-rye akamjibu kuwa ni kweli na ya kwake haitapiga mateke usiku.

Ikafika Desemba. Kwa hesabu za mkunga ulikuwa umebaki mwezi mmoja na siku chache, na kibindoni mlikuwa na laki moja na ishirini na nne elfu. Kikawa kimebaki kitu kimoja ambacho mama mkwe hawezi kukikwepa, nacho ni mwani wa uzazi. Mzazi lazima anywe supu ya mwani, asubuhi, mchana na jioni, wiki tatu nzima, damu irudi na maziwa yashuke. Na mwani wa uzazi si huu wa kununua fungu na kutia kwenye kikapu. Unachukuliwa mrefu, mzima, haukatwi wala haukunjwi, maana ukiukunja umemkunja mtoto njiani. Na bei yake haiombwi. Muuzaji akitaja, unatoa, unashukuru, unaondoka. Anayeomba apunguziwe hapo anamwombea mtoto apunguziwe: siku, pumzi, hajui nini, lakini kitapungua. Hilo Jeom-rye alilijua tangu yuko tumboni mwa mama yake mwenyewe.

Wauzaji nao wanalijua, na ndio maana wakisikia neno "uzazi" ulimi wao unakuwa mwepesi.

"Elfu saba," alisema Mama wa Hupo. Alikuwa mwanamke mnene, ametokea Hupo pwani miaka mingi, anauza samaki wakavu na mwani pale sokoni njiapanda. Jeom-rye na yeye walikuwa wamegombana kwa bei miaka kumi na mitano na hawajachokana.

"Elfu saba?"

"Wa uzazi, dada. Wa kwetu kabisa, wa kwenye mwamba. Tazama urefu huo, unakushinda wewe."

Jeom-rye aliutazama. Ulikuwa mzuri, mweusi, mzima. Akapiga hesabu kichwani na hesabu haikupendeza: akitoa elfu saba zinabaki laki na kumi na saba. Hospitali inataka laki na ishirini. Mshahara wa Pil-su unatoka tarehe ishirini na nane. Na kama mtoto hatangoja tarehe ishirini na nane?

Alizunguka soko zima. Akasimama mbele ya muuza tofu bila kununua tofu. Akarudi. Alikuwa ameshaamua kulipa, wallahi alikuwa ameshaamua, mkono uko kiunoni, lakini mdomo wa mtu aliyeomba bei miaka ishirini una akili zake.

"Elfu nne," alisema.

Mama wa Hupo aliacha kupepea nzi ambao hata hawakuwepo, maana ilikuwa baridi kali. "Mama Pil-su. Nimekwambia huu ni wa uzazi."

"Nimesikia."

"Hauombwi bei huu!"

"Siombi. Nakwambia nilichonacho."

"Mwongo! Nani asiyejua una benki nzima hapo chini ya sketi?" Akashusha sauti. "Dada, usinitie dhambini. Chukua huu wa kawaida, elfu mbili, na nitakutolea mia tano hapo hapo."

"Wa kawaida umekunjwa."

"Basi lipa saba!"

"Nne ninazo."

Walitazamana. Mwishowe Mama wa Hupo aliutoa mwani kwenye kamba, akauweka mikononi mwake kwa mikono miwili, akapokea elfu nne bila kuzihesabu. "Umesema wewe," alisema. "Mimi sikusema." Hakucheka, na yeye ni mtu wa kucheka.

Jeom-rye aliubeba mwani begani kwenye basi, umenyooka kama fito, watu wanalalamika unawachoma macho, hakuukunja hata kidogo. Akautundika ukutani juu ya kitanda cha Yeon-ok. Hakusema ameununua kwa bei gani wala kwa mdomo gani, na Yeon-ok hakuuliza.

Lakini raha hakuipata. Kwenye mkanda wa makaa alianza kupitisha mawe, mpaka msimamizi akamwuliza kama macho yamezeeka. Alijiambia mara mia: mshahara ukitoka tu tarehe ishirini na nane, nampelekea Mama wa Hupo elfu tatu zake, nakuwa nimelipa saba kamili, mambo yameisha. Kwani mtoto atajua pesa zililipwa kwa awamu?

Tarehe kumi na tisa, saa tatu asubuhi, Yeon-ok alikuwa anachota maji jikoni chupa ya uzazi ikapasuka. Ilikuwa wiki tatu na zaidi kabla ya siku zake. Pil-su ndio kwanza ametoka zamu ya usiku, uso mweusi, anakula. Mkunga aliitwa, akapapasa tumbo, akatulia, akapapasa tena.

"Na huyu naye kakaa kitako," alisema. "Mpelekeni mjini sasa hivi."

Wengine wote walisikia habari ya mtoto kukaa vibaya. Jeom-rye alisikia elfu nne.

Bwana Noh, dereva wa lori la makaa, alikuwa anapasha injini kwenye theluji. Hakuuliza maswali. Wakabanana wanne mbele: Bwana Noh kwenye usukani, Yeon-ok kati ameegemea kifua cha Pil-su, Jeom-rye mlangoni. Lori lilishuka bondeni taratibu kwa sababu ya barafu. Kila uchungu ulipokuja Yeon-ok aliuma kola ya koti la mumewe. Jeom-rye alikuwa amemshika mguu, na kila alipouhisi ule mguu unakakamaa alisema moyoni: mimi, ni mimi, ni mdomo wangu huu.

Walipofika njiapanda akaona mahema ya soko.

"Simamisha!"

Bwana Noh alikanyaga breki, lori likateleza kidogo.

"Mama, kuna nini?" Pil-su alishtuka.

"Tangulieni. Nina jambo la huyu mtoto, lazima niliweke sawa sasa hivi. Nitawafuata na basi."

"Jambo gani saa hizi?"

"Nimesema tangulieni! Noh, ondoa gari!" Ameshafungua mlango, ameshashuka, ameufunga kwa kishindo. Mwanamke wa aina ile akikuamuru unaondoa gari. Bwana Noh aliondoa.

Meza ya Mama wa Hupo ilikuwa imefunikwa turubai. Yule wa tofu akasema kaenda kuoga, leo siku yake. Jeom-rye hakungoja amalize. Alivuka barabara, akaingia bafu la umma upande wa wanawake na viatu vyake vya theluji, akampita mwenye kukata tiketi, akasukuma mlango wa ndani. Mvuke ukampiga usoni. Wanawake kama ishirini, uchi, wanasuguana migongo, wakageuka wote.

"Mama wa Hupo! Uko wapi? Njoo uchukue pesa zako!"

"We! Viatu!" mtu alipiga kelele.

Mama wa Hupo aliinuka kutoka majini, mwekundu kama kamba aliyechemshwa, anavuta taulo ambalo halikumtosha. "Mama Pil-su? Umerukwa na akili? Pesa gani?"

"Elfu tatu. Elfu tatu za mwani. Mkwe wangu amepatwa na uchungu kabla ya siku, mtoto kakaa kitako. Shika, dada, nakuomba, shika, sema nimelipa saba." Alikuwa analia sasa, na huku analia anapandisha koti, anapandisha sketi, anahangaika na fundo la mkanda. Fundo likagoma kwa unyevu wa mvuke. Akalivuta kwa meno. Likafunguka, na bunda zima likatoka.

Mama wa Hupo alilitazama lile bunda. "Hizo zote za nini?"

"Za hospitali."

"Na mkwe wako yuko wapi?"

"Hospitali."

Jeom-rye alitazama mkono wake, akaona noti, akaelewa. Laki na ishirini elfu. Miezi minane ya vijiko vya mchele. Yeon-ok yuko kwenye lori, na pesa ya kumpasua iko hapa, kwenye bafu, mkononi mwa mtu aliyeshuka kulipa deni la elfu tatu.

"Yallah," alisema kwa sauti ndogo. "Yallah, nimefanya nini."

"Kimbia!" Mama wa Hupo alimsukuma kwa mikono yote miwili, taulo likaanguka, hakujali. "Sitaki elfu tatu! Nimekusamehe, mbele ya hawa wote nimekusamehe! Kimbia, mwanamke, kimbia!"

Basi lilikuwa la baada ya dakika arobaini. Jeom-rye hakuweza kusimama kituoni dakika arobaini. Alianza kukimbia kwenye barabara ya mjini, mwanamke wa miaka hamsini na saba na mapafu ya makaa, bunda kifuani, theluji magotini pembezoni mwa njia. Alianguka, akaamka, akaanguka tena. Akapungia magari mawili, yakapita. La tatu, trekta la mkulima lililobeba kabichi, likamchukua, na lilikwenda pole pole mpaka akatamani kushuka alisukume.

Alipoingia hospitali ilikuwa imepita saa sita.

Pil-su alikuwa amepiga magoti mbele ya dirisha la mhasibu, uso bado mweusi, na machozi yamechora njia mbili mashavuni. Alikuwa anasema maneno yale yale, inaonekana alikuwa ameyasema muda mrefu: mama yangu anazo, mama yangu yuko njiani, mama yangu anazo. Mhasibu, msichana tu, hakuwa mtu mbaya. Naye macho yalikuwa mekundu, na alikuwa ameshapanda juu mara mbili kumwomba mkubwa wake, mkubwa kasema utaratibu ni utaratibu. Yeon-ok alikuwa kwenye kitanda cha magurudumu ubavuni mwa ukuta, kwenye ukumbi ule wa kupita watu, na dripu moja mkononi. Hakuwa analia tena. Hilo ndilo lililomtisha Jeom-rye kuliko yote.

Pil-su aligeuka. "Ulikuwa nazo," alisema.

"Mwanangu..."

"Ulikuwa nazo wewe." Akalichukua bunda mkononi mwake. Tangu azaliwe hakuwahi kumnyang'anya mama yake kitu. Akalipitisha dirishani, na dakika hiyo hiyo milango ikafunguliwa na kitanda kikasukumwa ndani.

Walikaa kwenye benchi moja, kila mtu mwisho wake. Mtoto alitoka hai. Wa kike, wa bluu mwanzoni, wakampiga mgongoni mara tatu nne ndipo akalia, na kilio chake kilikuwa cha hasira hasa. Jeom-rye aliposikia alijifunika uso kwa koti. Kisha daktari akatoka, akavua barakoa, akasema mama yuko hai pia, ila kizazi kilikuwa kimepasuka, damu haikusimama, ikabidi wakitoe. Hatazaa tena.

"Angeingia saa moja mapema kingebaki," alisema. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amechoka, na alidhani anaongea na watu waliochelewa kwa sababu ya theluji.

Pil-su aliinuka akaenda kusimama dirishani. Siku tatu zilizofuata hakumsemesha mama yake. Anampita mlangoni, anakula alichopika, anaacha bakuli, anaondoka. Jeom-rye alikuwa amezoea kutukanwa na wauzaji, wasimamizi, hata watu wa kampuni waliomletea habari za mumewe kwa karatasi. Kunyamaziwa na Pil-su hakukuzoea. Alimwomba kitu kimoja tu, akisimama nyuma ya mgongo wake: "Habari ya kizazi nitamwambia mimi. Niachie hilo." Pil-su hakumwambia mkewe.

Siku ya nne Jeom-rye alipika supu ya ule mwani, akaifunga kwenye shuka ndogo sufuria na yote, akapanda basi. Yeon-ok alikuwa ameegemea mto, mtoto kwenye ziwa. Alikuwa mweupe kama karatasi. Alikunywa supu bakuli mbili, taratibu, na Jeom-rye akamngoja amalize, kwa sababu alijua akishasema hatakunywa.

Kisha akapiga magoti sakafuni. Mama mkwe, mbele ya mkwe. Mgonjwa wa kitanda cha jirani akageukia ukutani kwa heshima.

"Mama, inuka, watu wanaona."

"Waone." Akamwambia yote. Elfu saba na elfu nne. Jinsi alivyodanganya kwamba hana. Bafu, fundo, bunda. Ile saa moja na nusu ya ukumbini ilikuwa yake, si ya theluji wala ya hospitali. Na kizazi. Hilo alilisema mwisho, akitazama sakafu, na neno "hutazaa" lilimtoka vipande vipande.

Mtoto aliacha ziwa, akalitafuta tena, akalipata. Machozi yalimshuka Yeon-ok mpaka kwenye kitambaa cha mtoto na hakuyafuta.

"Ya mwani nilijua," alisema hatimaye.

Jeom-rye aliinua kichwa.

"Mke wa Bwana Noh alikuwa meza ya pili siku ile. Alinipa habari jioni ile ile. Nilikuwa nalala chini ya huo mwani, Mama, kila siku. Naugusa. Namwambia mtoto, usisikie, bibi yako hakukusudia."

"Mbona hukunitukana? Mbona hukuniambia kitu?"

"Ningekwambia nini? Ulikuwa hujala nyama tangu kiangazi." Alivuta pumzi, mshono ukamuuma, akangoja upite. "Pale njiapanda uliposema simamisha, nilijua unakwenda wapi. Na nilijua pesa ziko wapi. Miezi minane nakuona umezifunga kiunoni. Ningesema neno moja tu: Mama, tuachie mkanda."

"Ulikuwa kwenye uchungu, mwanangu. Mtu wa uchungu hajui..."

"Uchungu ulikuwa umeachia. Nilikuwa na pumzi. Nilikuwa na akili zangu zote." Akamvuta mtoto karibu zaidi. "Nilinyamaza makusudi. Niliogopa nikikuita utarudi kwenye lori, na zile elfu tatu zisilipwe. Nilimwona yule wa kwanza alivyotoka, Mama. Nilitaka ulipe. Nikasema afadhali pesa za hospitali zichelewe kidogo. Kidogo tu."

Jeom-rye hakujua afanye nini na mikono yake. Akaishia kuiweka juu ya blanketi, kwenye miguu ya Yeon-ok, kama alivyomshika kwenye lori, na wakalia wote wawili bila kutoa sauti, kwa sababu wodi ilikuwa na wagonjwa.

Viatu vya mchimbaji vikasikika ukumbini, vizito, vinakuja.

"Huyo Pil-su," Yeon-ok alisema, akajifuta uso haraka. "Nitamwambia. Hawezi kukununia wewe peke yako, si haki."

"Utamwambia nini? Nyamaza!" Jeom-rye alikuwa ameshainuka kutoka sakafuni, anakung'uta magoti. "Una miaka mingapi ya kuishi naye, wewe? Mimi nina michache. Acha aninunie mimi."

"Mama..."

"Nimesema."

Pil-su aliingia. Akampita mama yake bila salamu, akainamia kitanda, akamtazama binti yake alivyolala mdomo wazi, akamgusa shavu kwa ncha ya kidole kilichosuguliwa mpaka kikawa chekundu na bado kina makaa kwenye kucha. Yeon-ok akafungua mdomo. Jeom-rye akamfinya mguu juu ya blanketi, akamfinya kwa nguvu, na Yeon-ok akaufunga.